Miaka 9 namsomea bibi vitabu barazani Ngamiani: vilivyosimama mdomoni na vilivyoanguka

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga, Ngamiani. Mchana nanyoosha rimu na kubandika viraka, usiku baada ya Isha namsomea bibi yangu vitabu. Macho yake yaliharibiwa na presha ya macho, na tulipofika kwa daktari tulikuwa tumeshachelewa. Bibi alikuwa msomaji ambaye mpaka leo sijaona wa kumfikia. Alikuwa akisoma huku amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kitabu kimeegemezwa kwenye debe la unga. Wiki ile alipoambiwa nuru haitarudi, aliniita akasema, "Mume wangu, chukua kitabu ukae hapa." Nikakaa. Ni miaka 9 sasa.

Humu ndani naona watu wanauliza vitabu gani vya Kiswahili visomwe, na majibu yanakuja majina matupu, hili na lile, bila mtu kusema kimemfanya nini. Mimi nina neno moja tu la kusema, na nalisema kwa moyo wote: kitabu cha Kiswahili kipimwe kwa sauti. Ukisoma kimyakimya jicho linaruka, linasamehe, linajazia penye pengo. Ukisoma kwa sauti mbele ya mtu mzima anayeijua lugha, sentensi mbovu inakukwama kama mwiba wa changu, na mwandishi hana pa kujificha. Mizani yetu ni maneno ya bibi. Akisema "Rudia hapo," kitabu kimesimama. Akianza kuuliza kama mlango wa uani umefungwa, kitabu kimeanguka.

Nitaandika kwa vipande kwa sababu wateja hawaishi. Mwisho nina ombi.

Naanza na wa nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, jirani na Machui, akafariki 1962. Kutoka hapa kwa baiskeli ni mwendo wa asubuhi moja. Shuleni Kusadikika tulifundishwa kwa kukaririshwa dhamira na wahusika, nikatoka darasani sitaki hata kuliona jalada lake. Miaka 20 baadaye nikakifungua barazani, na ukurasa wa kwanza tu nikagundua kwamba yule mzee aliandika kwa ajili ya sikio. Sentensi zake ndefu zina mapumziko ndani yake, unavuta pumzi palepale alipokuachia nafasi. Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria, Majivuno anamshitaki, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anarudi na heri, na kila mjumbe anatupwa gerezani. Kwa macho, mjumbe wa nne anachosha. Kwa sauti ni kinyume chake: bibi alishaujua mwendo, akawa anasubiri pigo kama mtu anayesubiri kibwagizo cha wimbo, na mjumbe akirudi tu anasema kabla yangu, "Haya, mfungeni."

Lakini kama una siku moja tu ya kumpa Shaaban Robert, mpe Adili na Nduguze. Liwali Adili anawapiga manyani mawili kila usiku huku analia, na mfalme anataka kujua kwa nini. Bibi alinisimamisha. Akasema hadithi hii anaijua tangu utoto, ni ya liwali wa Basra na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa, ya Waarabu wa zamani. Ni kweli. Mzee aliichukua, mbwa akawafanya manyani, akaiingiza katika Kiswahili safi mpaka ukadhani imezaliwa Machui. Wapo wanaomshusha kwa hilo. Mimi namheshimu zaidi. Mtu akichukua hadithi ya kale akaisimulia upya, wasikilizaji wakasahau ya kwanza, kazi aliyofanya ni kubwa.

Narudi jioni, kuna pancha tatu zinanisubiri.

*

Naendelea. Sasa vitabu ambavyo wasomi wanaviita riwaya pendwa, na wanasema hivyo kama mtu anayeshika kitu kwa ncha za vidole. Hapa nitasema wazi: tunawadhulumu hawa waandishi.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mtumishi wa idara ya afya kabla ya kuwa mhariri, na Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, Najum akimfuata nyuma, na watu wanaongea. Hicho ndicho kitu: watu wanaongea. Hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeandika mazungumzo kama yale, kila mtu na mdomo wake. Mimi si mwigizaji, lakini nikisoma Bwana Msa sauti zinabadilika zenyewe. Tulipofika Kisima cha Giningi baraza lilishakuwa limejaa. Muuza kahawa alihamishia birika lake kwetu, na watu wakaanza kuwekeana vikombe vya kahawa, huyu anasema muuaji ni fulani, yule anasema hapana. Usiku mmoja umeme ukakatika zimebaki kurasa chache. Hakuna aliyeondoka. Ziliwashwa tochi za simu tano, nyingine mpya zina mwanga mkali, nyingine hafifu ya njano, zote zikaelekezwa kwenye ukurasa mmoja, na mzee mmoja mvuvi akanishikia kitabu kisipeperuke na upepo wa bahari. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, usiku kama ule nimeupata mara moja.

Elvis Musiba ni mwendo mwingine kabisa. Kufa na Kupona, 1974, mpelelezi Willy Gamba. Sentensi fupi, mlango unavunjwa, gari linawaka. Kwa sauti inakwenda kama baiskeli inayoteremka mlima, huna haja ya kukanyaga. Vijana wa mtaani walikuja kwa ajili ya Willy Gamba ambao kwa Shaaban Robert hawakuja, na baadhi yao wameendelea kusoma mpaka leo. Kwa hiyo anayemdharau Musiba ajiulize yeye amewasomesha vijana wangapi. Ila bibi aliuliza swali moja ambalo sijapata jibu lake. Aliniambia, "Wanawake wa kitabu hiki hawana mama?" Wanaingia wazuri, wanabusiwa, wanauawa au wanasaliti, na hakuna hata mmoja anayetoka nyumbani kwao. Tangu siku ile nikisoma riwaya yoyote ya upelelezi namtafuta mama wa mwanamke.

Ben Mtobwa na Joram Kiango wake wanasimama kati ya hao wawili. Ana maneno mazuri kuliko Musiba, na ana huruma. Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo, 1965, tulikimaliza kwa usiku mbili, kizuri, sina la kuongeza.

*

Mchangiaji wa Makorora ameandika:
Kaka, nimekaa mkao wa kula. Lakini mpaka sasa umetuletea wanaume watupu. Wanawake je? Na bibi yako anasemaje kuhusu Mwana Kupona, maana sisi wengine tulifundishwa utenzi ule tukatoka tumekasirika.

Dada yangu, swali lako ni la haki. Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 sikumsomea bibi, yeye ndiye aliyenisomea mimi, kwa kichwa. Unajua utenzi ulivyo, mizani 8 kila kipande, kina kimoja kinafunga kila ubeti na unakwenda nacho mpaka mwisho. Aliuimba kwa mahadhi aliyofundishwa na mama yake huku anapepeta mchele. Nikamwambia, bibi, mbona unamwambia binti ajishushe hivi mbele ya mume? Alinyamaza kidogo, akasema: "Yule mama alikuwa mgonjwa. Anamwachia mwanawe dunia kama ilivyokuwa, haikuwa yake kuibadilisha." Sikubaliani na mafundisho yote ya utenzi ule, na bibi mwenyewe hakuyafuata yote, aliwahi kumwacha mume wa kwanza akarudi kwao Muheza kwa miguu. Lakini nilipousikia kwa sauti ya mwanamke mzee niliyemzoea, nilisikia hofu ya mama, na hofu hiyo haikuwahi kutajwa darasani.

Kwa maandishi ya karibuni zaidi, Ndyanao Balisidya aliandika Shida, 1975, kuhusu vijana wanaoacha kijiji kwenda Dar es Salaam. Ni kitabu kisicho na makelele na kinastahili kusomwa kuliko kinavyosomwa. Penina Muhando ni wa jukwaani. Tamthilia yake ya Hatia tuliisoma kwa kugawana sehemu, na binti wa jirani aliyechukua sehemu ya msichana mwenye mimba alisoma mpaka watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba tamthilia isisomwe na mtu mmoja. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, niliisoma peke yangu mara ya kwanza ikanipita. Mara ya pili tulikuwa watu saba. Inahusu Vita vya Majimaji, na Kinjeketile anagundua kuwa neno alilolizaa mwenyewe limekua kumzidi, haliwezi tena kumsikiliza. Jamaa aliyesoma sehemu yake ni dereva wa bodaboda, hakupita kidato cha pili. Alipofika mwisho, pale ambapo Kinjeketile anakataa kuyakana maji, alikiweka kitabu chini akasema, "Angesema uongo gani sasa, watu wameshakufa?" Bibi akasema, "Rudia hapo."

*

Mchangiaji wa Dar ameandika:
Shikamoo mkuu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi chuoni. Uzi mzuri sana, ila naogopa kipimo chako kinamwonea mwandishi Euphrase Kezilahabi. Riwaya yake ya Nagona huwezi kuisoma barazani.

Marahaba mwanangu. Umenishika penyewe, na nitakujibu bila kujitetea.

Rosa Mistika chake kilisimama. Kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, na ukikisoma kwa sauti unaelewa kwa nini watu waliogopa. Baba anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, na mwandishi hageuzi uso pembeni. Bibi hakusema rudia. Alisema, "Nyamaza kidogo," tukakaa tukisikiliza feni. Namna hiyo nayo nimeihesabu.

Nagona, kile kitabu chembamba cha 1990, nilikisoma barazani usiku tatu. Usiku wa kwanza watu waliondoka. Usiku wa pili tukabaki mimi na bibi. Usiku wa tatu bibi akasema, "Kitabu hiki kinaongea na mwenyewe," kisha akauliza kuhusu mlango wa uani. Nikakifunga. Lakini kilinisumbua. Nikakipeleka kazini, nikawa nakisoma kidogokidogo mchana, kurasa mbili, naziba tyubu, kurasa mbili nyingine. Na hapo kikafunguka. Ule upweke wa mtu anayetafuta asichokijua haukuhitaji baraza, ulihitaji saa nane ya mchana, jua kali, barabara tupu. Kwa hiyo nakubali: kuna vitabu vya sauti na kuna vitabu vya ukimya, na Nagona na Mzingile ni vya ukimya. Nimevisoma mara tatu tatu. Sidhani kama nimevimaliza.

Kwenye ushairi ndipo sitarudi nyuma. Najua diwani yake ya Kichomi, 1974, na ule mvutano wa mashairi huru dhidi ya vina na mizani. Sheikh Amri Abedi alishaandika sheria za kutunga mwaka 1954, na wazee wa huku wakaona aliyeziacha ameacha adabu. Mimi sisemi Kezilahabi si mshairi. Nasema kwamba shairi lake nikilisoma barazani, watu wanafikiri, na hilo ni jambo kubwa, lakini kesho yake hakuna anayelikumbuka hata mstari. Shairi la mizani 16, nane kwa nane, mvuvi asiyejua kusoma anaondoka nalo kichwani mpaka baharini. Vina si pambo, mwanangu. Ndivyo vilivyohifadhi mashairi kabla hatujawa na vitabu vya kutosha, na hata leo bado hatuna vya kutosha.

*

Habari za uchache wa vitabu zinanipeleka kwenye tafsiri, kwa njia ya kusikitisha.

Kuna shule moja ilisafisha stoo yake ikauza vitabu kwa kilo. Nilijua kwa sababu nilinunua karanga, nikafungua gombo, nikaona Shailoki anadai ratili yake ya nyama. Nilimrudia yule muuza karanga nikamwuliza, akanionyesha rundo chini ya meza. Nikanunua chote kilichobaki cha Mabepari wa Venisi, hakina kurasa za mwisho, zilishaondoka na karanga. Tulisoma na bibi mpaka mahakamani, hukumu ikaanza, kitabu kikaisha. Ilinichukua miezi kadhaa mpaka nikapata nakala nzima maktaba ya mkoa, na siku niliyokuja nayo bibi hakusubiri Isha.

Tafsiri ile ya Mwalimu Nyerere, 1969, naipenda kwa jambo moja ambalo linaanzia kwenye jalada. Shakespeare aliandika mfanyabiashara mmoja. Mwalimu aliandika mabepari, wengi. Ni miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Unaweza kusema amepotosha. Mimi naona amesoma kitabu kwa macho ya nchi yake, na ndivyo kila msomaji anavyofanya, tofauti ni kwamba yeye aliandika. Kwa sauti ni kizito, Kiswahili chake kimebanwa ili kifuate mapigo ya yule Mwingereza, ulimi unachoka. Juliasi Kaizari ni chepesi zaidi, hotuba za mazikoni zinatiririka. Nilizisoma Ijumaa moja, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye siasa zamani akasema ameshawasikia watu wakihutubia hivyohivyo hapa Tanga.

Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, watoto wanakipenda, wakubwa wanakiogopa. Soma.

Halafu Peponi. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, watu humu walibishana kama ni wetu au si wetu. Kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza 1994 kilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kikatoka 2022. Yusuf ni mtoto anayechukuliwa na tajiri Aziz, anamwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Nilipomwambia bibi kwamba kitabu hiki kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza, alikataa katakata. "Huyu aliandika kwa Kiswahili kichwani," alisema, "mkono tu ndio ulikuwa Ulaya." Ile biashara ya misafara, duka la kona, maneno ya wakubwa mbele ya mtoto kana kwamba hasikii, vyote alivijua. Nadhani ni tafsiri bora kuliko zote nilizopitisha mdomoni. Mfasiri hakuogopa kuacha watu waongee kama watu wa pwani.

Wazanzibari wengine, kwa haraka ingawa hawastahili haraka: Adam Shafi, Kuli na Vuta N'kuvute. Kuli kinakwenda mpaka mgomo wa 1948 bandarini Unguja, na barazani kwetu wapo waliobeba magunia ya mkonge bandari ya Tanga, kwa hiyo nilisahihishwa hata namna ya kutamka majina ya vyombo. Vuta N'kuvute ni mapenzi na siasa kwa pamoja. Yasmin anaozwa angali binti mdogo kwa mwanamume mzee, anatoka, anatafuta maisha yake. Kama unataka hadithi ya mapenzi isiyokudharau, anza hapo.

Sayansi ya kubuni tunayo kidogo. Walenisi cha Katama Mkangi, 1995, Dzombo anarushwa angani anafika nchi ambayo jina lake ukilikata ni "wale ni sisi". Mawazo makubwa, maneno mengi. Bibi aliuliza kuhusu mlango mara mbili.

*

Mchangiaji wa Mombasa ameandika:
Ndugu, Siku Njema ya Ken Walibora umeiacha wapi? Nyumbani kwenu kule!

Sijaiacha ndugu yangu, nilikuwa naitunzia nafasi yake. Siku Njema, 1996. Walibora, Mkenya, Mungu amrehemu, alimfanya mama wa Msanifu Kombo kuwa mwimbaji wa taarabu hapahapa Tanga. Zainabu Makame. Ukitaka kujua kama kitabu kinaujua mji, msomee bibi aliyecheza taarabu katika mji huo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Pale yatima anapoanza safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba, bibi alilia waziwazi, na bibi si mtu wa kulia. Wenzetu wa Kenya walikisoma shuleni kizazi kizima, huku kwetu ambako mji ni wetu nimekutana na watu wachache mno waliokisoma. Hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Na ukisema taarabu, Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, yule mama wa Fumba aliyekwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Kwa wasifu wa Kiswahili, sijaona kilichokizidi kwa heshima inayompa mtu wa chini.

Sasa historia, na hapa ndipo ombi langu lilipo. Pwani hii iliandika habari zake yenyewe. Hemedi bin Abdallah aliandika utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita vile vya Wajerumani na Abushiri, ambaye walimnyonga Pangani Desemba 1889. Ni habari ya vita kwa mizani nane, mtu aliyekuwa karibu na moshi. Martin Kayamba, karani mkuu wa hapa Tanga, alikwenda London 1931 kutoa ushahidi kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi hizi, akarudi akaandika Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, Mwafrika anawatazama Waingereza kwao. Vyote hivyo nilivipata. Nisichokipata ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, habari za Mbegha na watawala wa Usambara. Maktaba waliniambia nakala yao haionekani. Bibi anakitaka kwa sababu alikisoma mara moja akiwa msichana, akakirudisha kwa mwenyewe kabla hajamaliza. Mwenye nacho, hata cha kuazima, nitakitunza kama mboni.

*

Mchangiaji wa Lushoto ameandika:
Mzee wangu, marehemu baba alikuwa nacho, chapa ya 1962. Jalada limeliwa na mende lakini maandishi yote yapo. Nitakipa basi la asubuhi. Bibi akimaliza ndiyo unirudishie, hakuna haraka.

*

Wakuu, narudi na habari. Kitabu kilifika Jumanne, kimefungwa kwenye gazeti na kamba ya katani, kondakta alikishika mwenyewe njia nzima. Nimekibandika jalada la kadibodi kwa gundi yangu ya viraka, imeshika vizuri. Ndugu wa Lushoto, Mungu akulipe.

Tulianza usiku uleule. Wasiojua: Mbegha ni mtu wa Nguu, mwindaji wa nguruwe, na ndugu zake walimkataa kwa sababu alikuwa kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota. Zamani mtoto wa namna hiyo alionekana mkosi. Anafukuzwa, anakwenda na mbwa wake, anawinda, anawapa watu nyama, mpaka anaua simba Vuga na watu wanamfanya mfalme. Kiswahili chake ni cha zamani, sentensi fupi zinazoanza na "akaenda, akafika, akasema", kwa sauti ni kama mtu anatembea.

Nilikuwa nimeshapita mbele kidogo, Mbegha yuko njiani, bibi akasema, "Rudia hapo pa meno."

Nikarudia. Akanyamaza. Tasbihi yake ilikuwa mkononi, nikaona kidole kimesimama kwenye punje moja. Kisha akasema mama yake alizaa mtoto kabla yake, mvulana, na meno yalianza juu. Wazee wakaja. Mama yake hakuambiwa mtoto amepelekwa wapi. Bibi aliambiwa habari hiyo mara moja tu, siku alipokwenda kumwonyesha mama yake mtoto wake wa kwanza, ambaye ni baba yangu, na kitu cha kwanza yule mama alichofanya ni kumfungua mtoto mdomo, akapapasa ufizi kwa kidole.

Miaka 9 nimekaa kwenye baraza lile, na miaka yote niliyoishi kabla ya hapo, sikuwahi kuisikia habari hii. Baba yangu naye alikufa hajaisikia.

Nilimwuliza kama nifunge kitabu. Akasema, "Hapana. Nataka nimsikie akifika Vuga."

Tulisoma mpaka saa sita usiku. Yuko Zirai sasa, bado hajafika.